Jinsi ya kunasa picha kutoka kanda ya video kwa kompyuta

HUENDA familia fulani mtaani Lindi, Kibera, imebaki na sura ya mzazi marehemu katika kanda moja tu ya video, tuseme ya harusi ya miaka ya tisini. Picha yake inaweza kutolewa kwa kompyuta ya kawaida, mradi kazi ifanywe kabla kanda haijaharibika.

Kanda za VHS, zilizoanzishwa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka wa 1976, huhifadhi picha kwa chembe za sumaku juu ya utepe wa plastiki. Joto, vumbi na unyevu huzidhoofisha. Deki nazo zimeadimika. Funai ya Japani, iliyokuwa ikizitengeneza hadi mwisho, iliacha mwaka wa 2016.

Vinavyohitajika ni deki nzima, kompyuta na kifaa kidogo cha kunasa video kinachochomekwa katika tundu la USB. Waya wa njano hupitisha picha. Mweupe na mwekundu hupitisha sauti.

Kanda iliyolowa au yenye ukungu mweupe isitiwe ndani ya deki, kwani utepe unaweza kukwama na kukatika. Mpelekee fundi kwanza.

Kosa la wengi ni kusimamisha kanda ili kunasa picha papo hapo. Kichwa cha deki huendelea kuusugua utepe mahali pamoja, na picha huonekana ikitetemeka. Heri kunakili kanda yote kwa mkupuo mmoja, kisha kuchagua picha ndani ya kompyuta. Kwa mfumo wa DV, saa moja huhitaji nafasi ya gigabaiti 13 hivi.

Baada ya hapo, fungua nakala kwa programu ya VLC, ambayo ni ya bure. Kitufe cha E husogeza video fremu moja moja. Katika Windows, Shift na S kwa pamoja huhifadhi picha.

Mfumo wa PAL, uliotumika Kenya, una fremu 25 kwa sekunde. Kila fremu ina nusu mbili zilizopishana kwa sehemu ya hamsini ya sekunde. Mhusika akitembea, kingo zake huonekana kama meno ya kitana. Kwa hivyo tafuta mahali alipotulia, au utumie amri ya programu ya kuondoa mistari hiyo.

Picha itakayopatikana ina nukta 720 kwa 576 pekee. Itafaa kuchapishwa kwa udogo, bali ikikuzwa kutosha bango la mazishi itafifia.

Hifadhi nakala mahali pawili tofauti, uandike majina ya waliomo na mwaka. Kanda yenyewe usiitupe.