Kutoka Wiki 39 Hadi Siku Saba

Mwaka 1962 BBC ilinunua nyumba chakavu Ealing, magharibi mwa London, ikamkabidhi Barry Bucknell. Kwa wiki 39 watazamaji wakamfuata chumba kwa chumba. Walikuwa wakimjua tangu miaka ya 1950, alipowafundisha kazi za ufundi hewani moja kwa moja. Kitu kikiharibika, kimeharibika mbele ya taifa zima. Somo lake lililoshika kuliko yote lilikuwa la milango: mlango wa paneli unaufunika kwa hadibodi, unapaka rangi, unabaki bapa usioshika vumbi. Nyumba nyingi za Uingereza zikavikwa hadibodi.

Marekani ilifuata 1979. Russell Morash wa kituo cha WGBH, Boston, ndiye aliyekuwa amemwingiza mpishi Julia Child runingani. Sasa akaanzisha This Old House: nyumba moja ya Dorchester, vipindi 13, mtangazaji Bob Vila. Seremala wake, Norm Abram, hakupatikana kwa usaili. Alikuwa amemjengea Morash karakana nyumbani, na kilichomvutia tajiri wake ni rundo la vipande vya mbao vilivyobaki: lilikuwa dogo mno. Fundi wa namna hiyo hukata mara moja. Mwaka uliofuata PBS, mtandao wa runinga ya umma, ilikirusha kipindi nchi nzima. Vila aliondoka 1989 kwa mzozo wa matangazo ya biashara. Abram akabaki na msumeno wake hadi alipostaafu 2022.

Desemba 1994 ikazaliwa HGTV huko Knoxville, Tennessee, chaneli nzima ya mambo ya nyumba. Chaneli ya namna hiyo ina saa nyingi za kujaza, na kusubiri plasta ikauke hakujazi saa.

Uingereza ndiko muda ulikofupishwa kwanza. Changing Rooms ya BBC, 1996, iliwafanya majirani wabadilishane funguo: kila upande urembeshe chumba cha mwenzake kwa siku mbili na pauni 500. Mbao za MDF, zile za nyuzi za mti zilizoshindiliwa, zikawa mfalme. Katika kipindi kimoja rafu ya kuning'inia ilianguka usiku na mkusanyiko wa birika za kale za mwenye nyumba. Asubuhi vigae vilikuwa vimetapakaa sakafuni. Kilibaki kuwa kipindi kinachokumbukwa kuliko vyote.

Marekani iliiga kwa Trading Spaces mwaka 2000. Seremala wake mmoja, Ty Pennington, akahamia mtandao wa ABC 2003 kuongoza Extreme Makeover: Home Edition. Familia yenye dhiki ilipelekwa mapumziko, mamia ya mafundi wakafanya kazi usiku na mchana, na baada ya siku saba basi kubwa likasogezwa nyumba mpya ionekane. Kamera iliwasubiri walie. Bili za umeme na kodi za majengo zilikuja baadaye, kamera zikiwa zimekwishaondoka. Wapo walioshindwa kuzilipa.

Na ile milango ya Bucknell? Wanaonunua nyumba hizo siku hizi huchukua tindo, wakaibandua hadibodi taratibu, msumari mmoja mmoja. Chini yake hukuta paneli za zamani, nzima kama zilivyoachwa. Kazi hiyo haina basi la kusogeza. Inamaliza wikiendi kadhaa.