Sanamu za Baghdad na Sauti Zisizosikika

Katika mji wa Baghdad, karibu na mto Tigris, imo nyumba ya makumbusho iliyoanzishwa mwaka 1970 ili kuhifadhi maisha ya wenyeji wa zamani. Humo mgeni hukutana na sanamu zenye kimo cha binadamu, zilizovikwa mavazi ya zama zile. Hapa bibi arusi amezungukwa na jamaa zake; pale mafundi wako kazini; kule wazee wamekaa mkahawani, na mbele yao kundi la wanamuziki.

Hao wanamuziki ndio tunaotaka kuwazungumzia. Kundi lao huitwa chalghi, na kazi yake ni kumfuatiza mwimbaji wa maqam. Mmoja hugonga nyuzi za santur kwa vijiti viwili. Mwingine hupiga joza, fidla ya nyuzi nne ambayo tumbo lake ni kifuu cha nazi. Wengine hushika ngoma na dafu.

Mwaka 1932 kundi la namna hiyo lilikwenda Kairo, kwenye mkutano mkuu wa muziki wa Kiarabu, pamoja na mwimbaji Muhammad al-Qubbanchi. Yeye alikuwa Mwislamu. Wapigaji wake wengi walikuwa Wayahudi wa Baghdad. Nyimbo zao zilinaswa katika santuri, neno letu ambalo lafanana ajabu na jina la ala yao. Kisha, mwaka 1950 na 1951, Wayahudi zaidi ya 100,000 waliihama Iraki, na mafundi wa chalghi wakaondoka miongoni mwao. Ala zingaliweza kubaki bubu, lau wachache kama Hashim al-Rajab na Shaubi Ibrahim wasingalijifunza kuzipiga. Mwaka 2008 maqam ya Iraki iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu.

Twapata funzo gani? Sanamu huonyesha jinsi ala inavyoshikwa. Santuri hutunza sauti. Lakini ufundi wenyewe hukaa kwa mtu, na hupita kwa mwanafunzi tu. Nasi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani huwaonyesha watoto picha ya udi au ya kinu, tukadhani tumefundisha utamaduni. Picha ni njema, lakini haitoshi. Tumwalike darasani mzee ajuaye kupiga, kutwanga au kughani, angali yu hai, na watoto wajaribu kwa mikono yao wenyewe.