Maji ya Ngarambe na Kengele ya Dhahabu

Manowari ya Kijerumani iliyoitwa Bussard haikuwa kubwa, wala haikupata sifa katika mapigano ya baharini. Hata hivyo ilishuhudia jambo ambalo vyombo vichache vya zama zile vililishuhudia mara mbili. Mwaka 1900 ilikuwa katika maji ya China, wakati mataifa manane yalipoungana kuwazima Mabondia, watu walioamini kuwa risasi haipenyi mwili uliokwisha kufundwa. Agosti 1905 ilikuwa katika pwani ya Kilwa na Rufiji, ikishusha askari wa majini ili kuwazima Wamatumbi na jirani zao, walioamini kuwa risasi ya Mjerumani ikimfikia aliyetiwa dawa hugeuka maji. Bahari mbili, miaka mitano kati yake, na bendera ileile mlingotini.

Wakubwa wa bendera hiyo walikuwa na neno moja kwa watu wote hao: ushirikina. Neno hilo lilitosha kwa kujaza ripoti. Kwa kueleza ni kwa nini mkulima wa Nandete au wa Shandong alisimama mbele ya bunduki bila kukimbia, halitoshi.

Elimu ya China juu ya nguvu iliyomo mwilini ni ya kale, nayo imejengwa juu ya neno chi. Maana yake ya asili ni mvuke, hewa, pumzi. Na katika namna yake ya jadi ya kuandikwa ndani yake imo alama ya mchele, kana kwamba aliyeiandika kwanza alikuwa akitazama chungu kikifuka jikoni. Kwa mafundi wa ngumi wa huko, nguvu ya nje ni ya misuli na mifupa, nayo humwacha mtu kadiri umri unavyosonga. Ya ndani ni ya chi, ambayo huingia kwa pumzi na chakula, hukusanywa mahali palipo chini kidogo ya kitovu, na huongozwa na nia: nia ikitangulia pumzi hufuata, na mwili huifuata pumzi. Mwanafunzi husimama saa nzima pasipo kusogea, magoti yamekunjwa, akijifunza kupumua tu. Miaka hupita kabla hajafundishwa kumpiga mtu.

Mgawanyo huo wa nje na ndani uliandikwa wazi mwaka 1669 na mwanachuoni Huang Zongxi, katika maneno ya kumkumbuka bingwa mmoja, Wang Zhengnan. Huang hakuwa mpiganaji wa ngumi. Alikuwa mtu aliyeipinga dola ya Wamanchu walioiteka nchi yake, na wapo wanaosoma maneno yake kama fumbo: cha nje ni cha wageni, cha ndani ni chetu, na nchi iliyoshindwa kwa nje haijashindwa ndani. Wapenzi wa mashairi hawatashangaa kuona fumbo likivaa nguo ya mazoezi ya mwili.

Mwishoni mwa karne ya 19 elimu hiyo ilikuwa imezaa tawi gumu katika mkoa wa Shandong. Liliitwa Kengele ya Dhahabu, kwa sababu mwanafunzi alijiona kama aliyefunikwa na kengele isiyopenya chuma. Alidhibiti pumzi, alipigwa kwa matofali na mapanga mpaka ngozi ikazoea, na alimeza hirizi ya karatasi. Liu Shiduan, aliyekusanya wafuasi wengi kwa mafunzo hayo, aliuawa na serikali mwaka 1896. Mwaka uliofuata wamisionari wawili wa Kijerumani waliuawa huko Juye, na Ujerumani ikaifanya damu yao kuwa sababu ya kuinyakua ghuba ya Jiaozhou. Ukame na mafuriko vikaongeza dhiki juu ya dhiki.

Hapo ndipo mafunzo yalipogeuka. Kati ya mwaka 1898 na 1899 vijana wa vijiji vya Shandong hawakuwa tena na subira ya miaka. Katika uwanja wa kijiji, kijana alisoma maneno machache, akachoma karatasi yenye maandishi, akanywa majivu yake kwa maji, akapandwa na roho ya shujaa wa hadithi, na jioni ileile akahesabiwa kuwa hapenyeki. Kilichokuwa nidhamu ya umri mzima kikawa neema ya siku moja. Bila mgeuko huo Mabondia wasingekuwa umati. Wangebaki wanafunzi wachache wa walimu wachache.

Msomaji wa pwani akisikia habari ya maandishi yanayonywewa kwa maji, haoni ugeni. Kombe lililoandikwa kwa zaafarani, likaoshwa kwa marashi na kunywewa na mgonjwa, linajulikana Kilwa kama linavyojulikana Lamu na Unguja. Hirizi shingoni na zindiko la nyumba ni mambo ambayo watu wa mwambao wameishi nayo karne nyingi, wengine wakiyaamini na wengine wakiyakanusha. Kilichotokea Ngarambe, magharibi ya milima ya Matumbi, hakikutoka nje ya dunia hiyo, ingawa mizizi yake ilikuwa ya bara na ya mizimu zaidi kuliko ya chuoni.

Habari za Kinjikitile Ngwale zinatokana kwa sehemu kubwa na wazee waliozungumza na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na hasa na G. C. K. Gwassa. Walisimulia kuwa mwaka 1904 Kinjikitile alishikwa na pepo aitwaye Hongo, akavutwa hadi kidimbwini, akazama mbele ya macho ya jamaa zake. Walimtafuta, hawakumpata. Siku ya pili alitoka majini akiwa salama, nguo zake kavu, akaanza kusema maneno ya unabii. Hongo alikuwa chini ya Bokero, pepo mkuu wa Rufiji, ambaye watu walizoea kumwendea kwa kuomba mvua. Kwa hiyo maji yalikuwa na heshima yake zamani kabla ya kuwa na habari ya risasi. Yalikuwa maji ya shamba.

Watu walimiminika Ngarambe makundi kwa makundi, wakapewa maji yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya mbarika: mengine ya kunywa, mengine ya kunyunyiziwa, mengine ya kubeba. Aliyepewa aliwekewa miko. Asilale na mwanamke muda wa vita. Asipore mali. Na kulikuwa na mazoezi, ambayo Wamatumbi waliyaita likinda; vijana walipangwa na kuendeshwa kama askari. Habari zilipita kwa mnong'ono, sikio kwa sikio, bila akida kujua kuwa wasafiri wanaopita kwake kwa jina la kuhiji mganga wanarudi makwao na kitu kingine.

Agizo la Kinjikitile, kwa mujibu wa wazee hao, lilikuwa kungoja. Nendeni, fanyeni mazoezi, limeni, msubiri neno. Jambo hili husahauliwa na wanaomcheka. Mtu anayedhani kuwa maji peke yake yanatosha hana haja ya likinda wala ya subira. Kwa kadiri simulizi zinavyoonyesha, dawa ya Ngarambe ilikuwa na pande mbili kama elimu ya Shandong: upande wa polepole, wa kuufunda mwili na kuunganisha watu, na upande wa papo kwa papo, wa tone linalofanya kazi leo. Na kama Shandong, upande wa pili ndio uliokimbia mbele.

Ulikimbizwa na pamba. Tangu mwaka 1902 serikali ya Gavana von Götzen ilikuwa ikiwalazimisha watu kulima mashamba ya pamba ya kijiji chini ya majumbe na maakida, juu ya kodi ya nyumba iliyowekwa tangu mwaka 1898. Kazi ilikuja wakati wa kazi zao wenyewe, na malipo yalikuwa kama hayapo. Julai 1905 huko Nandete watu walichoka kungoja. Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche mitatu ya pamba shambani, na kung'oa huko kukawa ndiko kutangaza vita. Siku chache baadaye Samanga iliteketea. Katikati ya Agosti Wangindo waliivamia boma la Liwale na kuiteka. Na katika njia ya Liwale, tarehe 14, Askofu Cassian Spiss aliyetoka Kilwa kwenda Peramiho aliuawa pamoja na wenziwe. Kabla mwezi haujaisha misheni ya Nyangao, nyuma ya Lindi, ilikuwa imechomwa.

Je, watu hao walidanganyika? Walidanganyika kuhusu risasi, na hakuna uungwana wa kuficha hilo. Aliyepigwa alianguka, na alipoanguka jibu lilikuwa tayari: amevunja miko. Jibu hilo ni kufuli lisilo na ufunguo. Wachina walikuwa nalo vilevile. Bondia akifa, ilisemwa hakufanya mazoezi kwa moyo, au mwanamke ameinajisi safu. Kwa hoja ya namna hiyo hakuna kifo kinachoweza kuwa ushahidi, na kila maiti anabebeshwa lawama ya kifo chake. Huu ndio uovu wa imani hizo, na ni uovu mkubwa.

Lakini lipo swali la pili, nalo ndilo zito. Mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa Kivinje, na mti wake ukabaki na jina, Mwembe Kinyonga. Alikuwa na bunduki, alikuwa na watu na biashara, wala hakukosa ushujaa. Alichokosa ni namna ya kumfanya Mmatumbi, Mngindo, Mmwera na Mpogoro waone kuwa adui yao ni mmoja. Maji yalifanya hivyo kwa mwaka mmoja. Hakuna ukoo ulioyamiliki, hakuna chifu aliyeyazuia, na aliyeyanywa alikuwa ndugu wa aliyeyanywa. Nguvu iliyokuwa ndani yao haikuwa ndani ya ngozi. Ilikuwa kati ya mtu na mtu, na huko ilifanya kazi kweli. Mwalimu wa chi angeweza kusema vivyo hivyo kuhusu mwanafunzi wake asimamaye pasipo kusogea: hajawa chuma, ila hatetemeki tena.

Miji ya pwani haikuiona hivyo. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa vita hivyo, na W. H. Whiteley akautoa mwaka 1957 kwa jina la Utenzi wa Vita vya Maji-Maji. Ni kazi yenye thamani kubwa, tena imejaa majina na mahali. Lakini mwenye kuutunga ameketi mjini, na wanaotoka mwituni na dawa zao anawaona kwa jicho la mtu anayehofia mji wake. Haifai kumlaumu. Lindi iliishi kwa biashara, na biashara haipendi mwenge usiku. Hata hivyo ni vema kukumbuka, kila utenzi huo unaposomwa, kwamba wa Nandete hawakuacha utenzi wao, na kwamba ilibidi kungoja zaidi ya miaka 60 ndipo wazee wao wakaulizwa. Ni baada ya kuulizwa huko ndipo Ebrahim Hussein, mtu wa pwani hiyohiyo ya kusini, alipochapisha tamthilia yake Kinjeketile mwaka 1969, na kumfanya mganga huyo mtu anayeteswa na neno lake mwenyewe pale watu wanapolichukua kwa maana wanayoihitaji.

Miongoni mwa maofisa wa Bussard alikuwemo Hans Paasche, aliyeongoza kikosi upande wa Rufiji. Alirudi kwao, akaja kuwa mpinzani wa vita, na mwaka 1920 akapigwa risasi na askari wa nchi yake mwenyewe. Wengi wa wenzake hawakubadilika. Walipoona kuwa vita vya msituni havimaliziki kwa bunduki, waliuchagua moto: vijiji, maghala, mazao. Serikali yenyewe ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Gwassa alifikia kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Katika nchi ya Wangindo pori lilirudi mashambani, na tembo wakafuata pori.

Kinjikitile hakuyaona hayo. Alikamatwa mwanzoni mwa vita, akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya miche ya Nandete kung'olewa. Inasimuliwa kwamba kabla ya kamba aliwaambia waliomshika kuwa kumwua hakuna faida, kwani dawa yake imekwisha kufika Kilosa na Mahenge. Tarehe 30 ya mwezi uleule Wambunga na Wapogoro walitoka kwa maelfu kuelekea boma la Mahenge, mbele ya bombomu zilizokuwa zikiwangoja.