Daftari la Mabadiliko: Historia ya Kumbukumbu Iliyokabidhiwa Mashine

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Waliosema hivyo walikuwa na duka au shamba akilini, lakini neno lao limekwenda mbali kuliko walivyokusudia. Katika makala haya tutalifuata hadi mahali ambapo wapenzi wa ushairi hawafiki mara nyingi, yaani katika karakana za watunga programu za kompyuta. Huko kuna daftari lililoandikwa kwa mkono kwa takriban miaka 30, likiwa na sarufi yake na arudhi yake, kisha likakabidhiwa mashine. Safari ya daftari hilo ina funzo kwa kila anayejali tofauti iliyopo kati ya kusema kilichotokea na kueleza kwa nini kilitokea.

Maneno kabla ya mambo

Tuanze na maneno, kwani ndiyo mali yetu. Daftari tulilipokea kupitia Kiarabu na Kiajemi, na asili yake ya mbali ni Kigiriki, ambako neno lilimaanisha ngozi iliyotengenezwa ili iandikiwe. Waingereza nao huita daftari la namna hii kwa neno linalomaanisha gogo. Mabaharia wao walikuwa wakitupa kipande cha ubao kilichofungwa kamba baharini ili kupima mwendo wa jahazi, wakaandika kipimo katika kitabu, na baada ya muda kitabu kikarithi jina la ubao. Kwa hiyo daftari letu lina asili ya ngozi, na lao lina asili ya mti.

Neno la pili ni kiraka. Mtunga programu anaporekebisha msimbo, yaani maandishi ambayo kompyuta huyafuata, marekebisho yake huitwa kiraka. Taswira hiyo haikubuniwa hewani. Zamani programu zilitobolewa matundu kwenye utepe wa karatasi, na palipokosewa pakazibwa kwa kipande cha karatasi, sawa na fundi anavyotia kiraka kwenye kanzu. Leo kiraka ni faili fupi linaloonyesha mistari iliyoondolewa, ikiwa na alama ya kutoa, na mistari iliyoongezwa, ikiwa na alama ya kujumlisha.

Arudhi ya daftari

Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, ambao lengo lake lilikuwa kuandika mfumo mzima wa programu ambazo kila mtu angekuwa huru kuzisoma, kuzibadilisha na kuzigawa. Miongoni mwa kazi za mwanzo za mradi huo ni Emacs, programu ya kuandikia na kuhariri maandishi. Daftari lake la mabadiliko, lililohifadhiwa katika faili liitwalo ChangeLog, lina kumbukumbu zinazoanzia mwaka 1985.

Mshairi akilisoma daftari hilo atatambua mara moja kwamba yuko mbele ya utanzu wenye kanuni. Kila kumbukumbu huanza na tarehe, jina la mwandishi na anwani yake. Mstari unaofuata husogezwa ndani, ukaanza na nyota, kisha jina la faili, kisha katika mabano jina la kitendakazi kilichoguswa, yaani kile kifungu cha msimbo kinachotenda kazi moja na kuitwa kwa jina lake. Baada ya hapo huja nukta mbili, kisha sentensi fupi inayoanza kwa herufi kubwa na kuishia kwa nukta. Kwa Kiswahili kumbukumbu ya namna hiyo ingesomeka hivi:

* salamu.c (soma_jina): Ongeza kigezo cha urefu. Wanaokiita wote wamebadilishwa.

Hata upana wa mstari ulikuwa na kipimo chake, ili maandishi yasivuke ukingo wa skrini ya herufi 80. Kama vile shairi la tarbia lisivyokubali mshororo wenye mizani pungufu, daftari hili halikukubali kumbukumbu isiyotaja jina la kitendakazi kwa ukamilifu, maana msomaji wa baadaye angelitafuta kwa jina hilo.

Kanuni moja ndiyo iliyobeba historia yote inayofuata. Mwongozo wa GNU ulieleza kwamba daftari linapaswa kusema ni nini kilichobadilika. Kama badiliko lilihitaji ufafanuzi, mwandishi alitakiwa kuuweka ndani ya msimbo wenyewe, kama maelezo ya pembeni, ili kila atakayeusoma msimbo aukute hapo hapo. Daftari lilikuwa la "nini". "Kwa nini" ilikuwa na makazi mengine.

Kwa nini liliandikwa kwa mkono

Huenda msomaji akajiuliza ni kwa sababu gani watu wenye kompyuta waliandika kwa mkono kile ambacho kompyuta ingeweza kukikumbuka. Mifumo ya kutunza matoleo ilikuwepo: SCCS iliundwa Marekani, katika maabara za Bell, mwaka 1972, na RCS ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hata hivyo mifumo hiyo, pamoja na CVS iliyojengwa juu ya RCS, ilitunza historia ya kila faili peke yake. Badiliko moja lililogusa faili saba liliacha alama saba zisizounganishwa. Daftari ndilo lililozifunga pamoja na kusema kwamba hizi zote ni kazi moja.

Sababu ya pili ni safari. Aliyepokea programu kwa kanda au kwa mtandao wa wakati huo alipokea toleo lililokamilika, bila historia iliyobaki katika kompyuta ya watunzi. Daftari lilikuwa ndani ya mzigo, likasafiri nao. Lilikuwa mfano wa nasaba inayohifadhiwa kifuani mwa msafiri, kwa kuwa hawezi kurudi kwao kila anapoulizwa yeye ni nani.

Mashine yaingia kwa hatua

Hatua ya kwanza ilikuwa kulinganisha. Katikati ya miaka ya 1970, katika maabara zile zile za Bell, Douglas McIlroy aliandika programu ya diff, ambayo hupokea matoleo mawili ya maandishi na kutoa orodha fupi ya tofauti zake. Mwaka 1985 Larry Wall akatoa programu ya patch, inayofanya kinyume chake: huchukua orodha ya tofauti na kuipachika kwenye maandishi ya zamani hadi yawe mapya. Tangu hapo kiraka kikawa kitu kinachotumwa, kinachosomwa na kinachojadiliwa.

Hatua ya pili ilikuwa kumsaidia mwandishi. Katika Emacs, mtunga programu aliyekuwa ndani ya kitendakazi fulani alibonyeza vitufe vichache tu, na programu ikafungua daftari, ikaandika tarehe, jina lake, jina la faili na jina la kitendakazi, kisha ikamwachia nafasi baada ya nukta mbili. Vilevile diff ya GNU ilipata uwezo wa kuonyesha, juu ya kila kipande cha tofauti, jina la kitendakazi kilichopo hapo. Mbinu yake ni sahili: hurudi juu ikitafuta mstari wa karibu unaofanana na kichwa cha kitendakazi. Usahili huo una gharama. Kitendakazi kipya kikiingizwa kati ya viwili vya zamani, kichwa kinachoonyeshwa huenda kikawa cha jirani aliye juu.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha makala haya. Watunzi wa GCC, programu ya GNU inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, walichoka na kazi ya kunakili majina. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 walikuwa na skripti iitwayo mklog. Ilisoma kiraka, ikaorodhesha faili zilizoguswa, ikakisia vitendakazi kutokana na vichwa vile vya diff, kisha ikatoa kiunzi cha kumbukumbu. Penye faili jipya iliandika yenyewe kwamba ni faili jipya, na penye jaribio jipya ikaandika kwamba ni jaribio jipya. Baadaye iliandikwa upya, ikawa inaweza hata kuokota namba ya hitilafu kutoka mistari ya mwanzo ya jaribio lililoongezwa. Lakini palipobadilika msimbo wenyewe, iliacha nafasi tupu baada ya nukta mbili. Nafasi hiyo ilikuwa ya binadamu.

Daftari linaondoka mikononi

Wakati huo huo mazingira yalikuwa yamebadilika. Mwaka 2005 Linus Torvalds alianzisha Git, mfumo ambao ndani yake kila badiliko ni kitu kimoja hata likigusa faili 100, na kila anayenakili mradi hunakili na historia yake yote. Zile sababu mbili za daftari la mkono zikaanguka kwa pamoja. Emacs ilihamia Git mwaka 2014, na mwaka uliofuata ikaacha kuandika daftari kwa mkono, badala yake ikilizalisha kutokana na ujumbe unaoambatana na kila badiliko. Maktaba ya C ya GNU ilifuata njia ya namna hiyo baada ya toleo lake la 2.30 la mwaka 2019. GCC ilihamia Git Januari 2020, na mwaka huo huo ikaweka utaratibu mpya: mtunga programu huandika kumbukumbu ndani ya ujumbe wake, na skripti huzikusanya kila siku na kuziingiza katika daftari.

Katika utaratibu huo wa GCC mashine ilipata cheo kingine. Ujumbe unapowasilishwa, programu huulinganisha na kiraka. Ukitaja faili ambalo halikuguswa, hukataliwa. Ukiacha kutaja faili lililoguswa, hukataliwa vilevile. Mashine iliyokuwa karani imekuwa msahihishaji. Haijui uzuri wa sentensi wala sababu ya badiliko, lakini inajua nani amesema asichofanya.

Mkasa wenyewe ndio huu. Kanuni iliyotaka daftari liseme "nini" pekee ndiyo iliyowezesha mashine kuliandika, kwa kuwa "nini" tayari imo ndani ya kiraka. Na mara mashine ilipoweza kuliandika, watu wakauliza: kama mashine inaweza kulitoa wakati wowote kutoka kwenye historia, tunaliandika kwa ajili ya nani?

Kiraka kama lugha ya kufasiriwa

Watafiti hawakuridhika na kiunzi. Mwaka 2010 Raymond Buse na Westley Weimer wa Chuo Kikuu cha Virginia walionyesha mbinu ya kuchanganua msimbo na kueleza kwa maneno ni katika hali gani programu itatenda tofauti na awali. Mwaka 2017 kundi jingine lilikuja na wazo ambalo mpenzi wa lugha hawezi kulipuuza: kiraka kichukuliwe kuwa lugha moja, ujumbe wa kukieleza uwe lugha nyingine, na mashine ifunzwe kufasiri kutoka ya kwanza kwenda ya pili, kama inavyofasiri Kifaransa kwa Kiingereza.

Mwaka uliofuata watafiti wengine wakaichunguza kazi hiyo. Waligundua kwamba mbinu nyepesi zaidi ilipata alama bora: tafuta kiraka cha zamani kinachofanana zaidi na kipya, kisha uazime ujumbe wake kama ulivyo. Pia waliona kwamba sehemu ya mafanikio ya mwanzo ilitokana na jumbe za kukariri, nyingine zikiwa zimeandikwa na mashine. Sisi tunaijua hali hiyo. Ni mshairi anayeazima vina vya mwenzake na kupigiwa makofi, kwa kuwa wasikilizaji nao wamezoea vina hivyo hivyo.

Kisichokuwemo ndani ya kiraka

Fasihi yetu ina ushahidi wake juu ya jambo hili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya kutoka kwa wazee na kumsaidia W. E. Taylor kuyaandika na kuyafafanua. Bila maelezo ya namna hiyo, ubeti unaomsuta mtu fulani kwa sababu ya tukio fulani hubaki kitendawili. Maneno yote yapo na vina vimetimia, lakini maana imekwenda na waliokuwepo. Mohamed H. Abdulaziz alipochapisha utafiti wake juu ya Muyaka mwaka 1979, ilimbidi aeleze siasa na maisha ya Mombasa ya wakati ule ndipo mashairi yasomeke.

Msimbo una hatima hiyo hiyo. Mstari ulioongezwa unaonekana, na namba iliyobadilishwa kutoka 16 hadi 32 inaonekana. Kisichoonekana ni yule mtumiaji aliyelalamika, njia mbili zilizojaribiwa zikaachwa, na hofu iliyomfanya mtunga programu achague ya tatu. Mambo hayo hayamo ndani ya kiraka, kwa hiyo hakuna kanuni ya ukokotoaji itakayoyatoa humo. Mashine za leo huandika sentensi laini zinazofanana na sababu, na hapo ndipo penye hatari: nafasi tupu aliyoiacha mklog ilikuwa na uaminifu wake, kwa kuwa ilimwambia msomaji kwamba jambo bado halijasemwa.

Basi tusiwaonee huruma waliopokonywa kazi ya kunakili majina ya vitendakazi. Kazi hiyo ilikuwa ya karani, na karani wa chuma anaifanya bila kuchoka. Kilichobaki mikononi mwa binadamu ni kidogo kwa wingi wa maneno, lakini ndicho kizito: kuandika sababu wakati bado anaikumbuka.