Jamestown na Maji Yake

Katika Mto James wa Virginia, mwendo wa maili zipatazo 40 kutoka baharini, ipo ardhi ambayo zamani ilishikamana na bara kwa kishingo chembamba cha mchanga, yenye vinamasi nyuma yake, na mbele yake kina cha pima 6 kilicho karibu mno na ukingo hata merikebu ziliweza kufungwa kamba kwenye miti. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyowavutia Waingereza waliotia nanga hapo mwezi wa Mei 1607, na kwa ajili yake wakaghafilika na mengine yote.

Walikuwa wametoka London mwezi wa Disemba 1606 kwa merikebu tatu, Susan Constant, Godspeed na Discovery, chini ya nahodha Christopher Newport. Safari ilikuwa ya kampuni ya wafanyabiashara iliyopewa hati na Mfalme James wa Kwanza, ikitumaini dhahabu na njia ya majini ya kufikia nchi za Mashariki. Waliobaki kulijenga boma walikuwa wanaume na wavulana wapatao 104, bila mwanamke hata mmoja. Kampuni iliwausia kwa maandishi wasijenge mahali pa chini penye unyevunyevu, kwani pangewadhuru afya, na wasiwaudhi wenyeji. Lakini hofu ya Wahispania iliwatawala, wakatazama pa kuelekezea mizinga kabla ya kutazama pa kuchotea maji.

Ardhi ile ilikuwa na wenyewe, Wapaspahegh, raia wa Powhatan, sultani aliyetawala makabila yapatayo 30 katika nchi waliyoiita Tsenacommacah. Nao hawakuwa na kijiji pale. Mgeni mwenye busara akikuta ardhi pana kando ya mto mkubwa isiyofuka hata moshi mmoja wa jikoni, huuliza sababu; hawa walifurahi kuiona tupu.

Sababu waliijua kiangazi kilipowafikia. Mto ulipungua, chumvi ikapanda na maji kujaa, na taka za boma zikabaki zikielea palepale walipochota. Aliyelelewa Pemba au Lamu hahitaji kuelezwa tofauti ya maji baridi na maji ya chumvi, wala taabu ya nyumba ambayo kisima chake kimeharibika. Hao walikunywa wakashikwa na homa na kuhara damu, wakawa wanazikana usiku kwa usiku. Pete za miti mikongwe ya vinamasi vya upande ule zimeonyesha kwamba miaka 7 tangu 1606 hadi 1612 ilikuwa mikavu kuliko miaka 7 mingine yoyote katika muda wa miaka 770, kwa hiyo hata wenyeji, ambao John Smith, mmoja wa viongozi wa boma, aliwaendea kwa biashara ya mahindi na mara nyingine kwa kuwaelekezea bunduki, walikuwa na ghala nyepesi. Januari 1608 walikuwa hai 38 tu.

Wakaletwa wengine, na baridi ya 1609 ikawakuta wamezingirwa na watu wa Powhatan. Walikula farasi, mbwa, panya na ngozi za viatu. Na mwaka 2012 ilifukuliwa mifupa ya msichana wa miaka kama 14, yenye alama za kisu zinazothibitisha jambo ambalo kalamu huona haya kuliandika. Mei 1610 walisalia kama 60. Mwezi uliofuata walipakia wakauhama mji, na laiti wangekwenda zao. Lakini kesho yake walikutana mtoni na habari za Lord De La Warr, gavana mpya aliyekuja na watu na vyakula, wakarudi. Agosti ile ile askari wao walikivamia kijiji cha Wapaspahegh, na watoto wa mtawala wake wakatupwa mtoni na kupigwa risasi majini. George Percy, aliyeongoza kikosi hicho, aliyaandika hayo kwa mkono wake mwenyewe.

Iliyouokoa mji ni tumbaku, aliyoistawisha mlowezi John Rolfe, na tumbaku ilitaka ardhi na mikono. Mwishoni mwa Julai 1619 wajumbe waliochaguliwa walikutana kanisani kutunga sheria. Na majuma machache baadaye, kwenye mdomo wa mto huohuo, merikebu White Lion iliwashusha Waafrika ishirini na kitu, walionyang'anywa kutoka chombo cha Wareno kilichotoka Luanda, nao wakabadilishwa kwa vyakula. Wengi walikuwa watu wa nchi ya Kimbundu, lugha ambayo mtu huitwa mutu; msomaji wa Kiswahili asidhani kwamba hao ni wageni kwake. Mmoja aliyefika baadaye kidogo, mwanamke anayejulikana kwa jina la Angela, anaonekana katika hesabu ya watu wa Jamestown ya mwaka 1625.

Makao ya serikali yalihamishwa mwaka 1699, mji ukageuka mashamba, na kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba mto umelila boma lote. Mwanaakiolojia William Kelso alianza kuchimba mwaka 1994, akazikuta alama za nguzo zake udongoni, sehemu kubwa ikiwa salama. Siku hizi mto unapanda, na mvua kubwa zikinyesha, wachimbaji hulazimika kuyatoa maji mashimoni kabla ya kushika kazi.