Kiondo cha Ukambani

Msomaji, ukitoka Nairobi kwa njia kuu iendayo Mombasa, ukafika Salama, utaiona milima ya Kilungu upande wa mkono wako wa kushoto. Njia ya kupanda huko huacha uwanda wenye joto, ikazunguka kando ya miteremko iliyokatwa matuta, hata ikafika Nunguni, mji mdogo wa soko katika Kaunti ya Makueni, ambako asubuhi huwa na baridi na ukungu. Hapo, na katika vijiji vyote vya jirani, si ajabu kukutana na mama aendaye zake sokoni huku vidole vyake vikifanya kazi. Anatembea, anaamkia watu, anacheka, na mikononi mwake kiondo kinakua. Kwa Kikamba huitwa kyondo, na vikiwa vingi syondo.

Huenda ukapita ukasema moyoni kuwa hicho ni kikapu tu. Nakuomba usimame kidogo. Katika vitabu vya historia ya nchi yetu tumesoma habari za wafanya biashara, misafara, reli na serikali. Ni habari za kweli, na ni vyema kuzijua. Lakini nyumba nyingi za Ukambani hazikuwa na kitabu, na kila nyumba ilikuwa na kiondo. Ukijua kukisoma, kiondo kitakueleza mambo ambayo waandishi wengi waliyapita.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa maana asiyejua kazi hawezi kujua thamani yake. Kwanza ni uzi. Jani la mkonge hukatwa, likapasuliwa vipande vyembamba, likakwaruzwa kwa makali mpaka nyama yake ya kijani iishe, zibaki nyuzi nyeupe. Hizo hufuliwa, zikaanikwa juani. Kisha mama huketi, akaweka nyuzi chache juu ya paja lake, akazisokota kwa kiganja mpaka ziwe uzi mmoja imara. Kazi hii huchubua ngozi, na uzi wa kiondo kimoja ni mrefu kuliko unavyodhani. Baada ya hapo huja rangi. Zamani zilichemshwa kutokana na magome, mizizi na majani. Baadaye watu wakanunua rangi za unga madukani.

Kisha husukwa kitako. Nyuzi chache hupishanishwa katikati kama msalaba, na uzi mwingine huzizunguka, ukipita mbele na nyuma. Duara linapopanuka, nyuzi mpya za kusimama huongezwa moja moja. Kosa likitokea hapa, kiondo kizima kitakwenda upande, na msusi mwenye bidii hufumua akaanza tena bila kunung'unika. Kitako kikitosha, ukuta huanza kupanda, na mistari ya rangi hutokea kwa hesabu ambayo haikuandikwa popote ila kichwani. Kazi hii hufanywa katikati ya kazi nyingine: jioni baada ya shamba, njiani, penye mazungumzo. Kwa hiyo kiondo kimoja huchukua siku nyingi, na mara nyingi majuma. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa turudi nyuma. Mkonge haukuwa mmea wa kwetu. Asili yake ni Mexico, na katika lugha nyingi za Ulaya umepewa jina la bandari ya Sisal katika Yucatán. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida ipandwe Tanganyika. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutoka mwanzo huo mdogo yalitokea mashamba makubwa ya mkonge, na mapema katika karne ya 20 mmea huo ukaenea Kenya pia. Lakini mama wa Ukambani hakungoja meli ya Hindorf ili ajue kusuka. Kabla ya hapo alitumia nyuzi za magome ya miti na vichaka, na mbuyu ulikuwa mmoja wa miti hiyo. Mkonge ulipofika, ukapandwa mipakani na kandokando ya mashamba, yeye aliutazama, akauona uzi ndani yake. Hivyo mmea wa mgeni ukaingia katika ufundi wa mwenyeji, na ufundi haukubadilika jina.

Katika karne ya 19 Wakamba walijulikana sana kwa biashara ya safari ndefu. Misafara yao ilichukua pembe za ndovu mpaka pwani, ikarudi na shanga, nyaya za shaba na nguo. Mmishenari Johann Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka 1849 kwa Kivoi, mfanya biashara mkubwa wa huko, na ndipo alipouona mlima Kenya tarehe 3 Desemba mwaka huo. Jina la Kivoi limeandikwa, na jina la Krapf limeandikwa. Majina ya wanawake waliolima nafaka na kuisuka mifuko ya kuihifadhi hayakuandikwa. Hata hivyo ni nani asiyejua kuwa msafara hula?

Miongoni mwa nguo zilizotoka pwani ilikuwamo ile iliyoitwa amerikani, yaani kitambaa cha pamba kilichotengenezwa katika viwanda vya Marekani na kuletwa Unguja na wafanya biashara wa Salem. Nchi hiyo ilifanya mkataba na Sultani Seyyid Said mwaka 1833. Tazama jinsi nyuzi za dunia zinavyoshikana: pamba iliyolimwa na watumwa ng'ambo ya bahari ilibadilishwa kwa pembe za ndovu wa nyika zetu.

Ilikuja pia miaka ya dhiki. Mwisho wa karne ya 19, katika miaka ya 1898 na 1899, Ukambani ilipatwa na njaa kubwa ambayo watu waliiita Ngomanisye, maana ilienea kila mahali. Mvua zilikosekana, na maradhi yakafuata. Katika nyakati kama hizo watu walikuwa na desturi iitwayo kuthuua, yaani kwenda kutafuta chakula kwa majirani kwa kubadilishana mali. Chakula kipatikanacho kwa njia hiyo hakirudi nyumbani kwa pembe ya ndovu; hurudi mgongoni, ndani ya kiondo, kwa ukanda wa ngozi uitwao mukwa uliopitishwa kipajini. Siku ya namna hiyo uzi uliosokotwa vibaya ungaliweza kumwaga chakula cha watoto njiani. Hii ndiyo sababu bibi zetu hawakuvumilia uzi dhaifu. Ukali wao ulikuwa na historia.

Kisha sindano ikaja. Jumuiya ya Africa Inland Mission ilifungua kituo chake cha kwanza Nzaui, katika nchi hiyo hiyo ambayo leo ni Makueni, mwaka 1895. Shule za misheni zilipoenea, wasichana walifundishwa kushona na kudarizi. Mwaka 1952 chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa, na vikundi vyake vikafundisha ushonaji, ufumaji na utunzaji wa nyumba. Utaratibu huo ulikuwa chini ya serikali ya kikoloni, nayo ilikuwa na makusudi yake. Lakini akina mama nao walikuwa na yao. Kitambaa cha kiti, nguo ya mtoto, tandiko lililoungwa kwa viraka vya nguo kuukuu, vyote viliingia nyumbani, na kiondo hakikutoka. Mkono uliozoea kuhesabu nyuzi ulikuta sindano si mgeni kabisa.

Miaka hiyo hiyo wanawake wa milimani walikuwa wakifanya kazi nyingine nzito. Udongo wa Ukambani ulikuwa umemomonyoka vibaya, na katika miaka ya 1940 na 1950 matuta mengi yalichimbwa. Kazi ilifanywa na vikundi vya ushirika viitwavyo mwethya, na wengi wa wachimbaji walikuwa wanawake. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, desturi ya mwethya iliendelea, na vikundi vya wanawake vikawa pia mahali pa kusuka pamoja, kuweka akiba, na kulipa karo za watoto. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Katika miaka ya 1970 na 1980 kiondo kilipata soko la mbali. Wageni walikinunua Nairobi na Mombasa, na wafanya biashara walikipeleka Ulaya, Marekani na Japani, kikitiwa mikanda ya ngozi. Fedha zilifika vijijini, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kati ya msusi na mnunuzi wa mwisho palikuwa na mikono mingi, na kila mkono ulichukua sehemu yake. Aliyeketi majuma juu ya kazi alipata kidogo. Aliyeibeba siku moja alipata zaidi. Halafu vikaja viondo vya kuigwa kutoka viwanda vya Asia, na bei ikaanguka. Mifuko ya plastiki nayo ikajaa masokoni na mitaroni, mpaka tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipoipiga marufuku. Tangu siku hiyo watu wengi wamekikumbuka tena kikapu cha mama, kama mtu akumbukavyo rafiki aliyemdharau.

Je, msomaji, kwa nini mtu aendelee kusuka au kushona nyumbani, ikiwa kiwanda hufanya kwa saa moja kazi ya majuma? Jibu limo katika siku ya mwisho ya kazi. Ukuta ukifika kimo chake, nyuzi za kusimama hukunjwa, zikafungwa pamoja ukingoni kama msuko wa nywele, na ncha zake zikafichwa. Mpaka hapo kiondo kilikuwa bado kinaweza kufumuka, sasa kimefungwa. Mama hukigeuza, akakivuta huku na huku, akatia mkono ndani, akatabasamu. Aliyepata kumaliza tandiko la viraka au fulana ya mwanawe anaijua furaha hiyo. Ni furaha ya kuona kitu kizima ambacho jana kilikuwa vipande, na kujua kwamba kila fundo lilipita katika vidole vyako.

Lakini kazi iliyosukwa bila ukingo hufumuka, na historia isiyosimuliwa ni vivyo hivyo. Hesabu ya mistari, jina la gome litoalo rangi nyekundu, habari za njaa na za safari, vyote hivyo vimo kichwani mwa bibi fulani aliye karibu nawe. Nenda ukaketi naye. Chukua uzi, uuchubue na paja lako kidogo, ukosee, ufumue, uulize. Ukirudi shuleni, andika uliyoyasikia, pamoja na jina lake, ili jina hilo nalo lisomwe penye majina ya Kivoi na Krapf. Hapo utakuwa umesaidia kufunga ukingo.