Nge

Nge ni mnyama wa jamii ya buibui, mwenye miguu minane, magando mawili na mkia unaoishia kwenye mwiba wa sumu. Ukubwa wake hudanganya: nge wakubwa weusi wa jenasi ya Pandinus hutegemea zaidi magando kuua mawindo, ilhali wale wa Parabuthus, wenye magando membamba na mkia mnene, ndio wa kuogopwa.

Kumzuia nge nyumbani ni kazi ya fundi kuliko ya mpuliza dawa. Wapo watakaosema dawa huua mende, na mende wakiisha nge huhama kwa njaa. Ni kweli kiasi, lakini nge huweza kukaa miezi bila kula, na gamba lake lenye nta hupunguza dawa inayopenya mwilini. Kinachomwingiza ni upenyo: ufa ukutani, nafasi chini ya mlango, rundo la kuni au matofali lililoegemezwa kwenye nyumba. Haya huzibwa au kuhamishwa. Anayetaka kuhakikisha amulike gizani kwa taa ya urujuanimno, maana nge hung'aa rangi ya kijani-buluu. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Aliyeumwa, hasa mtoto, apelekwe hospitali bila kuchanjwa jeraha.